Régine Alivyonizika Kamina

Watu wengi huzikwa mara moja, tena wakiwa wamekufa. Mimi nilizikwa Kamina nikiwa hapa Lubumbashi, nimekaa kwenye kiti changu, nakunywa chai. Aliyenizika ni mke wangu, Régine. Msimcheke, na msimlaumu kabla sijamaliza, kwa sababu katika habari hii mkosaji mkubwa ni mwingine, nanyi mtamjua muda si mrefu.

Kwanza mumjue yeye. Régine ni binti wa mfanyakazi wa reli na mjukuu wa mfanyakazi wa reli. Babu yake aliletwa huku kutoka kaskazini, upande wa Kabongo, kuja kutandika reli, na asili yangu mimi ni huko huko. Nyumba yetu iko katika kambi ya zamani ya reli, hatua chache kutoka stesheni. Nilifunga na kufungua mabehewa kwa miaka zaidi ya thelathini, mpaka ugonjwa wa presha uliponipiga na kuniachia mikono inayotetemeka. Tangu hapo mwenye kazi nyumbani ni Régine, na kazi yake ni kulinda mizigo ya wasafiri.

Treni ya kwenda kaskazini huondoka siku inapokuwa tayari. Abiria wanateremka kwenye malori kutoka Kasenga na Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani, wengine wanatoka mpakani, halafu wanakaa mjini siku mbili tatu wakiisubiri. Mtu hawezi kwenda kumsalimu shangazi yake huku amebeba magunia manne. Basi anayaacha kwa Régine. Hata wazungu wawili wenye mabegi ya mgongoni waliwahi kupita kwetu, wakaenda kutazama simba kwenye bustani ya wanyama, wakarudi na kukuta hata kamba ya kiatu haijaguswa.

Hana karatasi wala muhuri. Anachukua kipande cha kikwembe, kile kitambaa cha maua wanachovaa mama zetu, anakichana katikati. Nusu anaifunga kwenye mzigo, nusu anampa mwenyewe. Ukirudi anaziunganisha, na ua likikutana na ua lenzake unachukua mali yako. Samaki wakavu wanakaa barazani, nguo zinakaa chumbani, na mzigo wa mtu haufunguliwi. Nilimtania siku moja kwamba hata akiletewa mamba mzima atamfunga kikwembe mkiani. Akanijibu kwamba mamba hana shida, shida ni wanaume wanaokaa wakiuliza maswali.

Ijumaa moja ya Desemba iliyopita alikuja mtu wa makamo anaitwa Ephraïm. Alikuwa ametoka Kilwa juu ya lori la samaki, vumbi mpaka kwenye kope, na alikuwa anakwenda kwao Kamina, kaskazini. Alikuwa na begi moja kubwa, na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kitambaa cheupe. Begi alilitupa chini. Kopo hakuliachia.

"Mama, ile begi weka popote. Lakini huyu hapana weka chini. Huyu njo mudogo yangu, Clément."

Akaeleza. Clément, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa amekufa kwa homa kule Kilwa, akazikwa kule kule, kwa sababu barabara ile haimfikishi maiti Kamina akiwa bado mtu wa kutazamwa. Ikiwa hivyo, sisi watu wa kaskazini tunafanya kama wazee walivyofanya: ndugu anamkata marehemu nywele na kucha, anazipeleka kwao, na mama yake anazizika kama anavyomzika mtu. Bila hivyo kilio hakiwezi kufungwa. Ndani ya lile kopo mlikuwa na nywele za kichwa na kucha za vidole vya Clément, yote ambayo mama yake angepata.

Régine alilipokea kwa mikono miwili. "Pole sana, papa. Atalala karibu na siye." Akaliweka chumbani kwetu juu ya kabati, pembeni ya sanamu ya Bikira Maria.

Hapo ndipo nilipopandisha hasira.

"Régine! Mi siwezi kulala na maiti ya bantu bengine mu chumba moya! Toa ile kintu!"

"Ni nywele tu, Donat."

"Nywele ya nani? Toa, nasema!"

Nimeona wafu wengi kandokando ya reli, na sijawahi kuwazoea. Nilipiga kelele mpaka jirani yetu Chishimba akachungulia juu ya ua. Nilisema na maneno mengine ambayo sitayaandika hapa. Régine hakuwahi kuvunja ahadi ya msafiri hata mmoja, lakini aliogopa presha yangu itapanda. Alilishusha kopo, akalipeleka kwenye jiko letu la nje, akalibana juu ya boriti chini ya mabati. Alirudi macho yake hayataki kukutana na yangu.

Siku ya pili, Jumamosi, asubuhi, alininyoa. Ndiyo kawaida yetu: ananikalisha kwenye kigoda uani, ananinyoa mvi zangu, halafu ananikata kucha, maana mikono yangu haiwezi kushika mkasi. Vyote vinaangukia kwenye gazeti. Kwetu nywele hazitupwi ovyo, zinafukiwa, asije mtu mbaya akaziokota. Siku ile wateja walikuwa wanamwita getini, akalikunja gazeti na kuliweka dirishani alifukie baadaye. Mchana alikwenda stesheni kuuliza saa ya treni, nami nikabaki peke yangu.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Kutoka kiti changu mpaka lile jiko ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi. Mawingu yalifunga, upepo ukaja, na mvua ikaanza kumwagika kama mnavyoijua mvua ya Desemba. Nikasikia bati la jiko linaanza kugonga. Nilijua kilichokuwa chini yake. Nikajiambia Régine atarudi sasa hivi. Nikajiambia mvua hii haitadumu. Nikajiambia goti linauma. Ukweli ni kwamba niliogopa kulishika lile kopo kwa mikono yangu. Bati likagonga, likagonga, likang'oka, nikalisikia linaruka na kuangukia ukuta wa Chishimba, na bado nilikuwa nimekaa. Nimefanya makosa mengi maishani, mengine nayasimulia kwa kicheko. Hili silichekei.

Mvua ilipopungua Régine aliingia amelowa mpaka mifupa. Alikuwa amelikuta jiko halina paa na kopo liko kwenye mfereji karibu na ua, mfuniko haupo, kitambaa cheupe kimezama kwenye tope. Ndani mlikuwa na maji mekundu tu.

"Haukusikia kintu, Donat?"

"Nililala," nikasema. "Ni ile dawa ya pression."

Akatoka. Nilimwona kupitia dirishani, amepiga magoti kwenye mfereji, anachambua tope kwa vidole. Kuitafuta kucha ya mtu kwenye tope la Desemba! Treni ilikuwa imetangazwa saa kumi na moja jioni, na Ephraïm angefika muda si mrefu. Alitafuta mpaka nguo yake ikawa rangi moja na ardhi. Halafu akasimama, akanawa, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Alipotoka kopo lilikuwa safi, na limefungwa kitambaa kipya cheupe. Nilikitambua kile kitambaa: alikuwa amekichana kutoka kwenye kilemba chake cha kanisani. Sikuuliza kitu. Nilijiambia ameziokota, Mungu ni mkubwa. Mwenye hatia hana maswali, anapokea tu anachopewa.

Ephraïm alikuja na nusu yake ya kikwembe. Régine akaziunganisha kama anavyofanya siku zote, na maua yakakutana vizuri kabisa.

"Asante, mama," Ephraïm akasema, kopo kifuani. "Hakukusumbua?"

"Hapana," Régine akasema. "Alilala muzuri."

Tangu siku ile mke wangu alibadilika. Kanisani, watu wakiinuka kwenda kupokea komunyo, yeye alibaki amekaa. Alikwenda kuungama, padri akamwambia njia ni moja tu, amwambie ukweli mama wa marehemu. Hakuwa na ujasiri wa kufika Kamina, nami sikumpa ujasiri wowote. Nyumbani alinilisha mayai. Nikikohoa aliacha hata ugali motoni akaja kunitazama ninavyopumua. Mimi mjinga nilifikiri mapenzi yamerudi uzeeni, na mara mojamoja nilikohoa bila sababu.

Mwezi wa nne nikapata malaria. Siku ya pili ya homa, mchana kweupe, Régine alipiga magoti pembeni ya kitanda, akaanza kulia kwa sauti.

"Donat, hapana kufa! Unisamehe, Donat. Nilikuzikaka!"

Nilidhani homa imemhamia yeye. Ndipo akanieleza habari ya gazeti la dirishani. Nywele zangu, kucha zangu, ndani ya kopo, ndani ya treni, mpaka kwenye kaburi la mtoto wa watu. "Baliisha kukuzika kule, na sasa njo unaenda."

Sikwenda. Nilipona, na nilipopona nikanuna siku tatu nzima. Nani asingenuna? Kuzikwa bila misa, tena kwa jina la mtu mwingine! Nilimwambia amenitoa mimi sadaka kwa ajili ya sifa yake ya kulinda mizigo. Nilimwambia nikifa mwaka huu watu wajue muuaji ni nani. Yeye aliyapokea yote ameinamisha kichwa. Na siku zile zote tatu neno lilikuwa kwenye ulimi wangu: Régine, sikuwa nimelala. Nililimeza asubuhi, nikalimeza jioni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilitoka kwenye malaria nikaendelea kuficha. Nilimwacha mke wangu aniombe msamaha kwa kosa lililoanzia kwenye kiti changu.

Mwezi wa saba, katika baridi, Ephraïm alitokea tena kwenye ua wetu. Nyuma yake alikuwa bibi mmoja mdogo, mwembamba, amejifunga shali mbili. Alikuwa mama yake, Mama Léa. Walikuwa wameteremka kwenye treni kutoka Kamina, wanakwenda Kilwa ili mama aone mahali mwili wa Clément ulipolala, na lori lao lingeondoka baada ya siku mbili. Régine alipomtambua Ephraïm beseni lilimtoka mikononi.

Tuliwakaribisha ndani, tukawapa chai. Mama Léa hakuinywa. Alikishika tu kikombe apate joto, akamtazama mke wangu.

"Mama Régine, nilikuja kwa weye. Clément alikaaka miaka sita bila kuniandikia, bila hata kunituma salamu. Nilikasirika. Nilisema jina yake isisemwe tena mu nyumba yangu. Ephraïm alipoleta ile kopo, nilikataa kuishika. Bamama benye kuwa ku kilio njo baliifungua. Nikaona mvi." Akakizungusha kikombe. "Clément alikuwa na miaka makumi tatu na mbili. Nikasema, kumbe mutoto yangu aliteseka kule mpaka akazeeka! Alikuwa anaona haya ya kurudia kwetu mikono mitupu. Nikamusamehe palepale. Nikalia, mama, nikalia sana. Kama ile kopo ilipoteaka, ningekufa na ile kasirani mu roho."

Nilikuwa nimevaa kofia kwa sababu ya baridi. Niliivuta mpaka masikioni.

Régine alifungua mdomo. Nilijua anataka kusema yote, hapo hapo. Ephraïm naye aliona. Alisimama haraka, akasema safari ilikuwa ndefu, mama anawe kwanza. Régine akampelekea maji ya moto nyuma ya nyumba, na aliporudi Ephraïm alikuwa anamsubiri karibu na kiti changu.

"Musimuambie kintu," akasema kwa sauti ya chini. "Clément nilimunyoaka mi mwenyewe. Kichwa yake ilikuwa nyeusi ti! Na hakuteseka. Alikuwa na mashua mbili, alikuwa anacheka kila siku. Alitusahau tu, vraiment, kweli kabisa. Ile siku niliona mvi mu kopo, nilitaka kurudi kuvunja mulango yenu. Lakini niliangalia mama yangu. Alikuwa anaita jina ya mutoto yake. Miaka sita hakuiita. Mi ningesema nini?"

Régine akapiga magoti mbele yake.

"Kosa ni yangu, papa. Bagage nilipewa mi. Mi njo nilimuweka nje. Mi njo nilitoka na mvua inakuja. Donat alikuwa amelala, hakuwa na namna."

Alinikinga. Hata mbele ya mtu mwenye haki ya kutupiga, alinikinga kwa uongo niliomtengenezea mimi mwenyewe. Safari hii lile neno halikumezeka.

"Sikulala," nikasema.

"Nini?" Régine akauliza.

"Ile siku ya mvua. Mi njo nilimufukuza Clément mu chumba. Na bati ilipoanza kugonga, nilisikia. Nilisikia yote, Régine. Niliogopa tu kuinuka."

Ephraïm alinijia hatua moja, ngumi imekunjwa. Halafu akageuka, akaweka paji la uso kwenye ukuta, akabaki hivyo. Régine alikuwa bado chini, ananitazama. Nilisubiri anifokee. Mke wangu ana ulimi unaoweza kumenya muhogo, na siku ile ningeupokea kwa furaha. Hakufoka.

"Miezi saba, Donat," alisema tu. Akainuka, akajipangusa magoti.

Mama Léa akarudi, uso unang'aa mafuta, ananukia sabuni. Alifungua kifurushi chake akatoa kikwembe kipya kilichokunjwa vizuri, akamsogelea Régine akikinyoosha kwa mikono miwili. Régine akarudi nyuma, mikono yake akaificha mgongoni.

"Hapana, mama. Si mi wa kushukuru. Mi nilikuwa ku gare, kuuliza treni. Mwenye alibakia nyumbani na mutoto yako ni bwana yangu. Mushukuru yeye."

Nilimtazama Régine nikimwomba kwa macho. Alikwenda kusimama mlangoni.

Mama Léa akanigeukia. Aliteremka chini polepole, goti moja kisha la pili, kwenye saruji ya baridi, akaweka kikwembe miguuni pangu. Halafu akaanza kupiga makofi, viganja vimekunjwa, taratibu, kama wanawake wa kwetu wanavyompigia mtu aliyewatendea jambo kubwa, akanishukuru kwa lugha ya kwetu.

"Wafwako, papa Donat. Wafwako. Ulinilindia mutoto."

Makofi ya namna ile hayaachwi bila jibu. Aliyepigiwa lazima aitikie kwa makofi yake, na asipoitikia, mama wa watu anabaki pale pale chini. Ephraïm hakugeuka kutoka ukutani. Bibi alikuwa anangoja. Neno lolote la kweli lingemrudisha kwenye miaka yake sita ya hasira.

Nikakutanisha viganja vyangu, nikaitikia. Régine alibaki mlangoni akinitazama mpaka nilipomaliza.